Hodhi Haling'oki, Nimesema

Jumatatu, 5 Februari

Theluji tena. Nimeikwangua mlangoni tangu alfajiri, mgongo umekufa. Halafu gari la Kituo cha wazee likamrudisha mzee wangu, na ndani ya mfuko wake, chini ya nguo chafu, karatasi. Karatasi za Kituo huanza kwa kuulizia baridi, huja kwenye afya yangu, hunishukuru kwa ushirikiano. Zikizidi adabu ujue kuna ubaya chini. Nikashuka mpaka chini. Ubaya upo. Wanang'oa hodhi!

Hodhi la mbao la kuogea, lile la kina, ambamo wazee wanaoshinda pale Kituoni huingizwa mpaka shingoni. Linang'olewa majira ya kuchipua. Badala yake italetwa mashine. Unakalishwa kwenye kiti, unafungiwa mlango, unanyunyiziwa huku na huku kama gari linalooshwa. Sababu? Watumishi ni wachache na migongo yao inaumia kwa kunyanyua watu. Migongo! Na wangu ni wa chuma?

Mzee wangu Kozaburo, mume wangu, alipigwa na kiharusi upande wa kulia. Maneno yanamtoka moja moja kama maji ya bomba lililoganda. Mkono umejikunja ngumi, haufunguki kwa dawa wala kwa kuvutwa. Ndani ya hodhi tu, maji yakimfika shingoni, vidole vinaachia kimoja kimoja. Nimeona kwa macho yangu. Hapa nyumbani siwezi kumwogesha. Mara ya mwisho tulinasa wote wawili ndani ya hodhi letu, yeye chini mimi juu, mpaka Bi. Kanno wa duka la tofu, jibini la soya, akaja kutung'oa. Bi. Kanno hajaacha kucheka mpaka leo.

Kwa hiyo hodhi la Kituo haling'oki. Nimesema.

Tena likibaki, mzee wangu ataingia wa kwanza. Maji mapya, hayajaguswa na mtu. Hivi sasa anayeingia wa kwanza ni Hanyu, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, eti kwa heshima. Heshima gani? Mkewe Setsuko aliwahi kuliomba mapema, kwa ile sauti yake ya puani, wengine tukabaki tunainama. Wakati huo mzee wangu anaingizwa mwishomwisho pamoja na Okubo kinyozi! Mtu aliyejenga nusu ya mapaa ya mji huu!

Karatasi inasema maoni yetu yatasikilizwa kwenye Mkutano wa Maoni tarehe 20. Naujua mkutano huo. Mji umeamuru kila kituo kiwaite wanaohudumiwa, na sisi tunaowauguza nyumbani, tuseme tunatakaje. Tunapewa chai. Meneja Nemoto anasoma karatasi. Tunainama. Tunarudi nyumbani. Basi tumeshirikishwa.

Safari hii watanishirikisha mpaka wajute.


Jumatano, 7 Februari

Mimi shule niliishia katikati, nikaenda kupanda mpunga. Lakini hili silihitaji kufundishwa: hapa kwetu mkutano hauamui kitu. Kitu huamuliwa kabla, mlango kwa mlango, watu wakiwa wamevua viatu na kukunja magoti. Anayesubiri kusema mkutanoni ameshachelewa.

Nikatoa achari yangu ya figili. Figili nilizozitundika mwenyewe juu ya moshi vuli yote, nikazizika kwenye pumba za mchele. Achari inayomtia mtu aibu ya kula bila kusema asante. Nikakata, nikafunga vizuri, nikazunguka kwa familia zote za Kituo.

Kila nyumba nikasema yaleyale. Kwamba ni kitu kidogo tu, hakifai hata kuliwa. Kwamba baridi mwaka huu, jamani. Kwamba hodhi. Wote wakatikisa vichwa. Bi. Kanno, anayemuuguza mama mkwe wake, alitikisa kichwa mpaka kilemba kikamlegea. Akaniambia, "Kweli kabisa, Mama Togashi, kweli kabisa." Nikamwambia basi tarehe 20 aseme hivyohivyo kwa sauti. Akasema ataona atakavyoona.

Nikaenda hata kwa Setsuko. Sikumwogopa. Akanipokea kwenye chumba cha wageni ambacho hakina joto, makusudi. Akasema mashine ina staha, mtu haonekani uchi na kila mtu, na Mwalimu Mkuu ni mtu wa staha. Nikamwambia mume wake tumeshamwona wote, si mgeni. Akacheka kwa kuziba mdomo. Achari akaipokea kwa mikono miwili.

Wamekula changu. Sasa ni wangu. Nimelala kidogo mchana kwa furaha.


Ijumaa, 9 Februari

Maafa.

Asubuhi mlango ukagongwa. Bi. Kanno, na tofu mbili za moto. Eti asante kwa achari. Nikasema hakuna haja. Akasema haja ipo. Nikapokea, ningefanyaje? Sijafunga mlango akaja mwingine na machenza. Mwingine na taulo jipya. Mwingine na uyoga wa kukausha. Kufikia mchana barazani hapapitiki.

Nilisahau! Mimi, mwanamke wa umri huu, niliyezaliwa hapahapa, nimesahau kwamba ukimpa mtu kitu atakurudishia kitu! Nimewapa deni, wamelilipa kabla halijalala. Hakuna hata mmoja ninayemdai sasa. Wametikisa vichwa bure, wamekula bure, na wamenifunga mdomo kwa uyoga.

Na huyo Setsuko. Desturi ni kurudisha kitu cha thamani ndogo kuliko ulichopewa, ili mwenzako asione amepigwa kofi. Setsuko amenitumia sanduku la keki kutoka duka kubwa la mjini, la karatasi ya kung'aa, na utepe! Kwa figili! Hilo si shukrani, hilo ni kofi. Sasa mimi ndiye ninayedaiwa. Na mtu anayedaiwa atasimamaje mkutanoni kumpinga anayemdai?

Mzee aliiona keki akanyoosha mkono wake mzima. Nikampiga kibao vidoleni. Hiyo ni keki ya adui. Baadaye akala tatu. Akasema, "Ta-mu." Neno la kwanza leo, nalo la usaliti.


Jumamosi, 10 Februari

Nimempelekea Setsuko pombe ya mchele, chupa kubwa, ile niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya sherehe. Ngoja aone.


Jumapili, 11 Februari

Ameleta kaa. Kaa mzima, mkubwa kama beseni, miguu imefungwa kwa uzi mwekundu.

Nimeinama mpaka kichwa kikagusa mkeka, huku nikimtukana moyoni. Kaa tumemla. Siwezi kusema uongo, alikuwa mtamu. Lakini vita hivi nimeshindwa kwa tumbo.


Jumatano, 14 Februari

Mpango mpya. Bora kuliko wa kwanza.

Kampuni ya mashine imeleta moja Kituoni, watu waione. Nemoto akatuita sisi wa nyumbani, akauliza kama yupo wa kujitolea kuijaribu. Wote wakatazama soksi zao. Mimi nikainua mkono. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: naingia, napiga kelele, natoka natetemeka, nasema nimekaribia kufa. Kesho yake mji mzima unajua. Mashine inarudi ilikotoka.

Nemoto akanishukuru sana. Masikini, hakujua.

Nikavalishwa vazi jepesi, nikakalishwa. Mlango ukafungwa, kichwa tu nje, kama kobe. Nikavuta pumzi ya kupigia kelele. Maji yakaja. Si maji, ni ukungu wa moto, unakuja toka mgongoni, toka chini ya nyayo, unapita palepale ninapoumwa tangu theluji ianze. Nikasema moyoni, ngoja kwanza upoe kidogo, nipige vizuri.

Nikashtuka Nemoto ananiita, "Bibi Togashi! Bibi Togashi! Umeamka?" Na nyuma yake watu wote wamejipanga, na Setsuko mbele yao.

Sikulala! Nilifumba macho kwa hasira. Mtu akikasirika sana hufumba macho. Na ile sauti waliyoisikia si kukoroma, ni pua, nina mafua.

Bi. Kanno akaniuliza imekuwaje. Nikasema ni mateso. Akaniambia nimekuwa mwekundu na laini kama kamba wa kuchemshwa, mateso hayo na yeye anayataka. Watu wakacheka mpaka wakashika kuta. Setsuko hakucheka. Alinipa taulo tu, kwa upole. Huo upole wake nitaulipiza siku moja.


Ijumaa, 16 Februari

Sina watu, sina achari, sina heshima. Nina mzee.

Karatasi ilisema "wanaohudumiwa." Mzee wangu anahudumiwa! Nani atamkatalia mzee wa kiharusi akisema mwenyewe, mbele ya afisa wa mji, kwamba anataka hodhi? Nimekaa naye kwenye meza ya joto, miguu chini ya blanketi, nikaanza kumfundisha. Sentensi mbili tu. Hodhi libaki. Mimi niingie wa kwanza.

Akanitazama.

Nikarudia. Kijiko cha uji wa wali, sentensi. Kijiko, sentensi. Akameza uji, sentensi akaziacha. Nikamwuliza kama anasikia. Akasema, "Na-sikia." Nikamwambia basi aseme. Akaomba chai.

Nikamweleza kwamba hili ni kwa ajili yake. Kwamba mimi nimepigana wiki nzima, nimeaibika mpaka kwa muuza tofu, kwa ajili ya mkono wake huo. Ukifungwa mwaka mzima hautafunguka tena, daktari alisema. Akaushika mkono uliokunjwa kwa ule mzima, akautazama kama wa mtu mwingine. Akafungua mdomo. Nikasubiri. Lakini sufuria ikaanza kufurika jikoni, nikakimbia, niliporudi alikuwa ameshaufunga mdomo.

Haidhuru. Tutaendelea kesho. Ana kichwa kigumu, lakini changu ni kigumu zaidi, na alijua hivyo alipokuja kuniposa.


Jumanne, 20 Februari

Leo mwandiko wangu umepinda. Si kwa uzee. Kwa hasira.

Nilimpeleka mzee mapema, nikamchana nywele, nikamvalisha koti la harusi za watu. Watumishi wakampeleka chumba cha pili pamoja na wazee wengine, kukunja karatasi za rangi ziwe ndege. Mimi nikaingia kwenye mkutano.

Kwanza viti. Kiti cha mbali na mlango ni cha heshima, kwa hiyo hakuna aliyekubali kukikalia. Kaa wewe. Ah, mimi nani, kaa wewe. Setsuko akamsukumia Bi. Kanno, Bi. Kanno akamsukumia afisa wa mji, mama mmoja anaitwa Kuwabara, mwenye miwani na mafua. Chai ikapoa. Nikachoka, nikakikalia mimi. Wote wakanitumbulia macho. Basi! Nani mwingine alikuwa na ujasiri?

Nemoto akasoma. Migongo ya watumishi, mashine, majira ya kuchipua. Akauliza kama kuna maoni. Watu wakaanza kuchunguza vikombe vyao, utadhani ndani kuna samaki.

Nikasimama. Nikasema hodhi haling'oki. Nikawatazama walionilia figili zangu, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua uso. Mwenye taulo akanywa chai baridi. Mwenye machenza naye akanywa. Setsuko akasema, kwa heshima zote, hata Bi. Togashi mwenyewe alilala usingizi ndani ya mashine. Vicheko! Nikapiga kelele kwamba sikulala. Nikasema mengine pia, juu ya keki na juu ya watu wanaotuma kaa. Sijutii hata moja.

Ndipo Bi. Kuwabara akapiga chafya, akauliza kwa sauti ndogo: na wenyewe wanaooga wako wapi?

Nemoto akasema wapo chumba cha pili, wanakunja ndege.

Bi. Kuwabara akauliza kwa nini hawapo hapa, maana mkutano huu ni wao. Nemoto akashika kichwa. Akasema walidhani wazee watachoka. Setsuko akasema yeye ndiye anayemsemea Mwalimu Mkuu. Mimi nikasema hata wangu, hakuna haja ya kumsumbua, mimi nipo. Lo! Ndiyo mara ya kwanza maishani mimi na Setsuko kukubaliana.

Hawakutusikiliza. Mlango wa kuteleza ukasukumwa, wazee wakaletwa na viti vyao vya magurudumu, wengine wameshika ndege.

Wa kwanza kuulizwa, mama mkwe wa Bi. Kanno. Mwenye umri kupita wote, tena kiziwi, ikabidi aulizwe kwa kupigiwa kelele. Naye akajibu kwa kelele: mashine! Aliijaribu Jumatano na anaitaka hata kesho! Miaka yote hii amenyanyuliwa uchi na vijana wa kiume kuingizwa kwenye hodhi, tumbo nje, hakuna hata siku moja mtu aliyemwuliza kama anaona haya! Bi. Kanno akawa mwekundu kama utepe. Akina mama wawili wengine wakasema na wao mashine. Nemoto akaanza kuandika mbio.

Nikajua tumekwisha. Hodhi limekwenda.

Akaulizwa mzee wangu.

Nikamfinya bega kumkumbusha. Akalitoa bega. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaanza kusema kwa niaba yake, na Bi. Kuwabara, yule mdogo mwenye mafua, akaninyooshea kiganja! Mimi! Tukasubiri. Uso wa mzee ukawa mwekundu, mshipa ukamtoka shingoni, nikatamani nimkimbize nyumbani.

"Ho-dhi," akasema. "Li-baki."

Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Hajamaliza. "Mko-no," akasema, akauinua ule uliokunjwa kwa ule mzima, watu wote wauone. "Humo... una-funguka."

Bi. Kanno akafuta macho. Hata Setsuko akatazama dirishani. Nikamsukuma kwa kidole, amalizie sentensi ya pili. Akaimalizia.

"Mimi... wa mwi-sho."

Nikamwambia wa kwanza, mzee, wa kwanza! Akatikisa kichwa. Wa mwisho. Maji yakiwa yamepoa. Pamoja na Okubo kinyozi, wanaongea. Ya kwanza yanaunguza. "Kwa Mi-tsue," akasema, akinitaja jina mbele ya afisa wa mji, "miaka ham-sini... yana-unguza."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Okubo kinyozi alipiga kiti chake cha magurudumu mpaka ndege wake wakaruka. Miaka hamsini nimempa maji ya kwanza, ya moto wa kunyonyolea kuku, kama mume anavyostahili, nikaingia mimi baada yake, na siku zote anatoka mwekundu, nikidhani ni furaha!

Kisha Mwalimu Mkuu Hanyu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema na yeye, kama inaruhusiwa, amechoka kuingia wa kwanza. Anakaa peke yake mle ndani kama kabichi kwenye sufuria, hakuna wa kuongea naye. Anaomba awekwe na hawa wawili.

Nilimtazama Setsuko. Setsuko alinitazama. Kisha wote wawili tukaanza kuchunguza vikombe vyetu.


Ijumaa, 23 Februari

Karatasi imekuja. Salamu za majira, afya yangu, ushirikiano. Chini yake: hodhi linabaki. Mashine inanunuliwa kwa wanaoitaka, na kwa kuwa hao ni wengi, watumishi watanyanyua wachache na migongo yao itapumua. Zamu ya kuingia watapanga wazee wenyewe. Na kuanzia sasa Mkutano wa Maoni hautakaa bila wao. Watakuwa na viti vyao mbele. Sisi wa nyumbani tutakaa nyuma, tusikilize.

Nyuma! Sawa. Nimeshinda, siwezi kugombana na viti. Maana nani aliyelipigania hodhi hili kama si mimi? Bila kelele zangu yule mama wa mji angepiga chafya yake akaenda zake. Bi. Kanno anasema ni mzee aliyeshinda. Mzee alisema maneno machache. Mimi nilisema mamia. Hesabu yenyewe.

Leo gari lilimrudisha jioni, nywele mbichi, anacheka peke yake kwa kitu alichosema Okubo. Nikamvua glavu. Vidole vilikuwa bado vimelegea. Nikavishika kidogo, kabla havijajikunja. Hakuvivuta. Nikamwuliza maji yalikuwaje. Akasema, "Ya ku-faa." Nikamwambia ya kufaa ni ya wavivu. Akacheka tena.

Kisha simu. Nemoto. Eti wazee watachagua mmoja wao awe msemaji wao kwa mji mzima, aende mpaka ofisi ya mji, akaseme juu ya chakula, magari, mazoezi, kila kitu. Akauliza, kwa adabu zake zile, kama Bwana Togashi angependa jina lake liwemo, na akaniomba kwanza nimwulize mwenyewe, taratibu, nimpe muda wa kufikiri.

Nikamwambia hakuna haja ya muda. Bwana Togashi amefikiri sana, amekubali kwa moyo mweupe, na amefurahi mpaka machozi.

Kesho asubuhi nitamwambia.